Kicheko cha Safu ya Tatu

Diski mpya hutoka Jumanne, na Jumanne ile duka kubwa la muziki na runinga pale Burbank lilikuwa limefurika kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Graciela Ochoa alikuwa ametoroka kazini saa ya chakula, bado amevaa koti jeupe la duka la miwani juu ya gauni lake la manjano. Alikuwa na haraka na alikuwa na hasira, mambo mawili ambayo kwake yalikwenda pamoja tangu utotoni. Alizunguka rafu zote, akakanyagwa vidole, akamkanyaga mtu naye, mwishowe akaliona boksi la diski alilolifuata. Lilikuwa limebaki moja tu, lenye picha ya baba, mama, watoto watatu na mbwa wamesimama mbele ya jiko la gesi: Jikoni kwa Haverty, kile kipindi cha vichekesho ambacho nchi nzima ilikuwa ikikaa kukitazama Ijumaa jioni. Akanyoosha mkono, na mkono mwingine ukalifikia boksi kabla ya wake.

"Kaka, nimeliona mimi kwanza."

"Umeliona, dada. Mimi nimelishika."

Alikuwa kijana mrefu mwenye nyusi nene, shati la bluu lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na vipokea sauti vimening'inia shingoni kama daktari na kipimo chake. Graciela alikuwa ameshafungua mdomo ili amtolee uvivu, lakini kijana akacheka na kumpa boksi. Akamwambia alichukue, yeye analo nyumbani.

"Sasa ulikuwa unagombania nini?"

"Sikugombania. Nilikuja kuona ni akina nani wanaolinunua."

"Umeshaona. Umefurahi?"

"Sana," kijana alisema, na wala hakuwa akiangalia boksi.

Jina lake lilikuwa Vahan Terzian, Muarmenia wa Glendale, fundi wa sauti. Hakueleza zaidi, na Graciela, ambaye bosi wake alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni na saa, hakuuliza zaidi. Vahan alipoomba namba ya simu, alimpa huku akilalamika kwamba anamchelewesha.

Mapenzi yakaanza kwa simu. Vahan alikuwa akipiga wakati Graciela anasugua vioo vya miwani, anamuuliza kama wana miwani ya mtu ambaye siku hizi haoni mwanamke mwingine ila mmoja tu. Graciela akamjibu kwamba ugonjwa huo hutibiwa kwa kofi. Jioni walikula taco, vile vichapati vya mahindi vyenye nyama, barabarani kule Van Nuys, Vahan akijimwagia pilipili nyingi kuliko uwezo wake ili asionekane mlaini, machozi yakimtoka. Alimwita Graciela roho yangu, kama kwao wanavyoitana. Graciela alimwita bwana mkubwa, na siku alipojikuta anamwita mpenzi, alikasirika na nafsi yake kutwa nzima.

Muda wote huo boksi lilikaa juu ya runinga bila kufunguliwa. Vahan aliliona kila alipokuja na alikuwa akitabasamu peke yake.

Graciela alikuwa na sababu yake. Mama yake, Socorro, alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, na Ijumaa moja jirani yao Lupe alimchukua wakaenda studio kukaa kwenye viti vya watazamaji, maana Jikoni kwa Haverty kilirekodiwa mbele ya watu na kuingia kulikuwa bure. Socorro alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha kupasuka, na kila aliyekisikia naye alijikuta anacheka. Bwana aliyeajiriwa kuwachangamsha watazamaji alikuja kumtafuta baada ya kipindi, akamwomba arudi wiki ijayo. Tangu hapo kiti chake kikawa safu ya tatu, chini kabisa ya kipaza sauti kilichoning'inizwa, na kila Ijumaa alipewa mkate wenye nyama na soda. Alikwenda hadi kipindi kilipokwisha, miaka saba.

Nyumbani kwao hawakuwahi kuwa na kamera ya video. Picha za Socorro zilikuwepo, lakini picha haitoi sauti. Alipokufa, sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, katikati ya vicheko vya watu wasiomjua. Kipindi kilipokuwa kikirudiwa mchana, Graciela alifumba macho na kumsikiliza. Alijua kwa moyo ni wapi anaanza, ni wapi anakohoa, ni wapi anajaribu kujizuia na kushindwa. Kisha kituo kikaacha kukirudia. Ndiyo maana boksi lile lilipotoka aliliwahi, na ndiyo maana hakutaka kulifungua ovyo. Hakuwahi kumpeleka mwanaume yeyote mbele ya mama yake.

"Jumapili njoo," alimwambia Vahan kwenye simu. "Kuna mtu nataka umjue."

"Vizuri. Na mimi kuna kitu nataka ukione."

Akaja amechana nywele kwa maji, na sinia la baklava, keki ya njugu na asali, iliyopikwa na mama yake. Graciela alivaa gauni jekundu na hereni za Socorro. Walikaa bega kwa bega, diski ikaanza, wimbo ukapita, Bwana Haverty akaingia jikoni na kofia yake. Graciela alimshika Vahan mkono na kumwambia angoje, sasa hivi. Bwana Haverty akafungua oveni, bata mzinga hayumo, mbwa anajilamba. Watu wakacheka.

Walicheka sawasawa, kama maji ya bomba. Socorro hakuwemo.

Graciela akarudisha nyuma. Hakuwemo. Akaruka kwenye sehemu ya harusi, pale kiti kinapovunjika, ambapo Socorro alikuwa akicheka hadi waigizaji wenyewe wanalazimika kungoja. Kiti kikavunjika. Waigizaji wakangoja, na hapakuwa na cha kungojwa.

Vahan aliona uso wake akadhani ni mshangao wa furaha. Akachomoa kijitabu ndani ya boksi, akaweka kidole kwenye jina lake mwenyewe: Vahan Terzian, usafishaji wa sauti.

"Hiki ndicho nilichotaka ukione," alisema. "Umesikia ilivyo safi? Zile za zamani zilikuwa hazisikiliziki. Kulikuwa na mwanamke mmoja, roho yangu, anacheka kama mlango usiotiwa mafuta. Anaanza hata kabla utani haujaisha. Amenikalia kooni miezi mitatu. Nimemtoa kote, nikatia vicheko vya watu wengine. Haikubaki hata pumzi."

"Hata pumzi," Graciela alirudia.

"Hata pumzi."

"Huyo ni mama yangu."

Vahan alitabasamu, akidhani anataniwa. Ni tabasamu lile lililommaliza. Graciela alisimama, na kila kitu alichokuwa amekinyamazia tangu mazishi kikamtoka. Alimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba mtu yule anasumbua. Alimuuliza kama huwa anapita mitaani pia akiwatoa watu asiopenda sauti zao. Vahan, uso umemshuka, akaanza kusema kwamba kampuni ndiyo iliyotaka.

"Kampuni haikuwa na mkasi mkononi. Mkasi ulikuwa nao wewe. Mama yangu alikufa mara moja, Mungu alipotaka. Mara ya pili umemuua wewe, tena ukaandika na jina lako."

"Graciela, sikujua."

"Ndiyo. Hukujua. Toka."

Akamtoa na sinia lake la baklava, akapiga mlango kwa nguvu hadi picha ya Socorro ukutani ikapinda, na hilo nalo likamkasirisha.

Vahan alipiga simu usiku ule, na kesho yake, na keshokutwa. Aliacha jumbe za kuomba msamaha kwa kila namna mtu anavyoweza kuomba. Graciela alizisikiliza zote akiwa amesimama, mikono kiunoni, kisha akazifuta moja moja, na kila alipofuta alihisi analipiza. Mama yake mdogo Amparo alijaribu kumtuliza, akamwambia kijana wa watu hakujua.

"Hakujua nini, mama mdogo? Kwamba yule ni mtu?"

Graciela aliwaandikia kampuni, wakamjibu kwa barua ya heshima kwamba wateja wamefurahia ubora wa sauti. Kazini aliwaka kwa kila mtu. Mzee mmoja aliyekuja kulalamika kwamba miwani mipya inamfanya aone sakafu iko mbali, aliambiwa basi anyanyue miguu.

Mara moja tu alipokea simu ya Vahan, tena ili ampe vidonge vyake. Hakumpa nafasi ya kuanza. Alipopumua kidogo, Vahan akasema kwa sauti ya chini, "Mimi namjua mama yako kuliko unavyodhani. Nimemsikia kutwa kucha miezi mitatu."

Graciela akakata simu. Mtu aliyemfuta mama yake anajitapa kwamba anamjua.

Baada ya hapo simu zikanyamaza. Wiki ikapita, ikapita nyingine, mwezi ukaisha. Graciela alijiambia afadhali, lakini kila simu ilipolia aliirukia, na kila alipokuta si yeye, hasira ilizidi. Hata kuomba msamaha amechoka, alimwambia Amparo, mwanaume gani huyo. Amparo alimkumbusha kwamba ni yeye aliyemwambia aache kupiga. Graciela akamwambia hilo halihusiani.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa. Vahan alikuwa amesimama kwenye jua, ndevu hazijanyolewa, shati lile la bluu limekunjamana, amebeba mashine nzito ya kuchezea kanda, ile ya zamani yenye magurudumu mawili. Jasho lilikuwa likimdondoka puani.

"Umekuja kusafisha nini leo?" Graciela alimuuliza.

Vahan alisema hatakaa. Alieleza kwa haraka, kama mtu aliyejifunza maneno njiani, kwamba vipaza sauti vya watazamaji vilikuwa na kanda zao peke yake, mbali na za waigizaji. Zilikuwa kwenye ghala la kampuni, zingetupwa. Aliomba apewe, akakataliwa, akaomba tena. Mwishowe akaingia ghalani kwa ufunguo wake wa kazi na kunakili alichoweza.

"Wakajua?"

"Wakajua."

"Na kazi?"

"Hakuna kazi."

Graciela alitaka kusema vizuri sana. Badala yake akasogea kando, Vahan akaingiza mashine, akaiweka mezani na kuichomeka kwenye umeme.

"Kanda hizi hazikusimamishwa," alisema. "Waigizaji wakienda kubadilisha nguo, zenyewe zinaendelea. Kuna mahali mama yako anazungumza. Mimi Kihispania sikijui. Nilikuwa nahesabu kwamba ni kelele, naruka. Sijui anasema nini. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza, kisha akarudi nyuma hadi kwenye kizingiti cha mlango na kusimama pale.

Kwanza palisikika viti, vikohozi, mtu anafungua soda. Kisha sauti ya Lupe, karibu kabisa, kana kwamba yuko jikoni.

"Socorro, kwani umeelewa alichosema yule bwana?"

"Sijaelewa hata kidogo. Wewe je?"

"Mimi nakufuata wewe. Ukicheka, nacheka."

"Basi tumekwisha," Socorro alisema, na kicheko kikamtoka, kile chenyewe, chote, cha kupasuka, hadi spika ndogo ya mashine ikatetemeka. Alipopata pumzi akaendelea, akishusha sauti. "Lupe, mimi wiki nzima nasimama kwenye ile pasi. Hapa peke yake ndipo ninapokaa. Nikishakaa tu, kicheko kinakuja chenyewe. Wakigundua Kiingereza changu ni cha kuombea maji watampa mtu mwingine kiti changu. Kwa hiyo nacheka mapema, wasije wakanishtukia."

Graciela alishika ukingo wa meza. Miaka yote aliamini mama yake alikuwa akikipenda kipindi kile. Alikariri kila utani wa Bwana Haverty ili awe karibu naye, na mama yake hakuwa ameelewa hata mmoja. Alilia kwa uchungu na kwa hasira pamoja, hasira juu ya ile pasi, juu ya hoteli, juu ya miguu ya Socorro iliyokuwa ikivimba kila Alhamisi na yeye, mtoto, akidhani miguu ya akina mama wote iko hivyo.

Vahan alingoja hadi alipojifuta uso.

"Anasema nini?"

"Anasema amechoka kusimama."

Vahan akaitikia kwa kichwa. Hakujua afanye nini na mikono yake.

"Bado nina hasira na wewe," Graciela alisema.

"Najua."

"Nyingi. Usidhani zimekwisha. Nitakuwa nazo hata nikiwa bibi na unanikera nyumba moja."

Vahan alimtazama, akaogopa kuuliza kama amesikia sawasawa. "Najua, roho yangu."

Graciela akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Basi kaa chini. Mama anaendelea."

Vahan akakaa. Kwenye kanda waigizaji walikuwa wakirudi jukwaani, viatu vikigonga mbao, na kabla hata mmoja wao hajasema neno, Socorro alianza kucheka.