Mnada wa Mwisho wa Tadaomi

—Baba Chihiro, nani kakwambia dawa imeshinda?

Fumie alikuwa bado ameshika simu. Asubuhi mumewe, Tadaomi, alimtumia ujumbe kutoka hospitali: "Uvimbe umenywea. Sauti yangu imepona. Nunua samaki mzuri." Akanunua. Sasa muuguzi amepiga kuuliza mbona fomu ya upasuaji haijarudishwa.

Tadaomi akaiangalia supu yake ya miso ikipoa.

—Daktari alisemaje? Yote, usibakize.

—Kasema dozi ya kwanza ndiyo inayotabiri. Uvimbe ukipungua nusu, mionzi inaweza kuliokoa koromeo. Wangu umepungua robo tu. Wanataka walitoe lote.

—Ukikataa?

—Mwaka. Labda.

—Ukaona uninyamazie.

—Nimekataa kunyamazishwa! —Sauti ilimkwaruza. —Miaka thelathini na minne nanadi jodari bandarini. Bila sauti mimi nani? Mzee wa kufagia barafu?

—Hata kufagia kwenyewe hujui.

Nusura Tadaomi acheke, kikohozi kikamuwahi. Kilipotulia akasema:

—Huenda daktari amekosea. Ametazama dozi moja tu.

—Na mimi je? Nimenunua jodari wangapi kwa kutazama kipande cha mkia tu, tumbo halijapasuliwa? Nimekosea mara ngapi?

Tadaomi akafikiri. Katika mambo ya samaki hakuwahi kusema uongo.

—Mara mbili.

—Na zote mbili ulinicheka mbele za watu.

Kisha Fumie akaketi karibu naye.

—Nilipoanza kumnunulia baba yangu samaki, mwaka mzima sikukusemesha. Wewe unapiga kelele, mimi nanyanyua vidole kutaja bei. Ulileta posa hata sauti yangu huijui.

—Nilivijua vidole. Havikuwa na wasiwasi.

—Basi sasa zamu yako. Mimi nitapiga kelele, wewe utanijibu kwa vidole. Lakini uwepo, baba Chihiro. Maiti hana vidole.

Tadaomi akasimama, akaivuta sahani ya samaki katikati ya meza, akaanza kumnadi. Alimnadi kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, madirisha ya jikoni yakatetemeka, mbwa wa jirani akabweka. Fumie alisikiliza hadi neno la mwisho, machozi yakimtiririka. Ndipo akanyanyua vidole.

—Wako! —akasema Tadaomi.

Akafungua mfuko, akatoa fomu iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwa kiganja. Akachukua muhuri wa jina lake, akaugonga mahali pa sahihi.