Issa Alipomtoza Mkewe Faini

Hadija alirudi kwao Bungu. Alimbeba mtoto anayenyonya, wakubwa wawili akamwachia mumewe, Issa.

Kosa lilikuwa la Issa. Kijijini kwao, juu ya Mlola, shamba la ujamaa lililimwa siku ileile ya gulio. Hadija alilima kabichi. Asipokwenda kuuza gulioni, nyumba haina chumvi wala mafuta ya taa. Akienda, anakosa kazi ya ujamaa. Alikwenda. Issa, balozi wa nyumba kumi, akamtoza faini ya kuku.

"Kuku wangu huyu, nimemlea mwenyewe," Hadija alisema.

"Sheria haijui mke wala shangazi."

Kamati ya kijiji ilimla yule kuku. Issa alipewa paja, akala. Kesho yake Hadija akaondoka.

Chumvi iliisha. Siku ya gulio Issa alijitwika tenga la kabichi. Kwenye mteremko shingo ilimshinda, akaketi. Bibi Klara, Bibi Maendeleo wa tarafa, alikuwa anapanda mlima.

"Balozi, leo si siku ya shamba?"

"Ndiyo. Lakini watoto wanakula mboga bila chumvi."

"Basi jitoze faini."

Issa hakucheka. "Ni amri ya serikali, Bibi Klara. Nifanyeje?"

"Serikali inataka mlime pamoja. Siku mnachagua wenyewe. Hii aliichagua nani?"

"Sisi kamati."

"Kuna mwanamke kwenye kamati?"

"Hakuna."

"Na mwanamume anayeuza kabichi?"

Issa alilitazama tenga lake. "Leo yupo mmoja."

"Ujamaa ni nyumba kusaidiana. Nyumba zikivunjika, nani atamsaidia nani? Itisheni mkutano. Akina mama waje, na waseme."

Walikuja, wakasema sana. Mama Dorkasi alimaliza maneno: "Ijumaa wenzetu wanaswali. Jumapili sisi tuko kanisani. Jumanne haina gulio wala mwenyewe." Mikono ikanyooshwa, Jumanne ikapita. Akina mama wawili wakaingia kwenye kamati. Wanaonyonyesha wakaruhusiwa kuondoka shambani mapema.

Issa akaenda Bungu na mbuzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mkwewe, mzee Selemani. "Umefuata kuku wengine?"

Ndani ya nyumba mtu alicheka. Alikuwa Hadija.

"Shamba sasa ni Jumanne," Issa alimwambia alipotoka. "Na kuku nilimla, mke wangu. Nilikosa."

"Alikuwa mtamu?"

"Mgumu."

Hadija akaenda kufunga mizigo yake.

Msimu ule shamba la ujamaa lilipata watu wengi kuliko zamani, na gulioni Hadija hakukosa. Hakuna aliyetozwa faini.

Kuipata Jumanne kulihitaji mkutano mmoja tu. Kuchelewa kuipata kulimgharimu Issa mbuzi mmoja na matenga mawili ya kabichi zilizooza shambani. Tena mtoto wake mdogo alianza kutembea hukohuko Bungu, na baba yake hakuwapo kumwona.