Chupa Juu ya Tangi la Majitaka

Mwizi alikimbia juu ya daraja la chuma, chupa ameikumbatia. Kandambili alimfuata akichechemea.

Goti lilikuwa limegoma.

Jina la Kandambili alipewa na wenzake wa idara ya ujasusi, baada ya kumkimbiza mlanguzi mmoja mitaa mizima akiwa na kandambili miguuni. Enzi hizo alikuwa kijana. Siku hizi alitamani maadui wapungue, au basi wakimbie polepole.

Daraja likaishia ukutani. Mwizi akageuka.

Kandambili akachomoa bastola, kisha akaona kibao: HATARI, GESI. Cheche moja tu na mtambo mzima ungelipuka. Akairudisha kiunoni.

"Nipe ufunguo wa geti, mzee," mwizi alisema, akinyoosha chupa juu ya maji meusi ya tangi. "Gari langu liko nje. Ukikataa, namwaga."

Kandambili akagusa kifaa cha mawasiliano sikioni. "Umesikia?"

"Nimesikia, kaka." Alikuwa mdogo wake wa kike, mtaalamu wa mtambo huo.

Chupani mlikuwa na bakteria wanaokula methani, gesi inayotoka kwenye majitaka. Mdogo wake alikuwa amewalea miaka na miaka. Tangi lao, hilohilo lililo chini ya daraja, lilishakuwa tayari, lakini kamati ya wakubwa iliahirisha kila kikao cha kutoa ruhusa ya kuwamwaga humo. Kampuni ya kigeni iliyotaka kuwanunua ilichoka kusubiri, ikatuma mwizi.

"Akiondoka nao hatuwapati tena," mdogo wake alisema sikioni. "Wakiingia tangini, gesi ipo, pampu ya hewa nimeiwasha. Wanaweza kuishi. Wanaweza kufa wote, na sina wengine."

Kandambili alimsikia akivuta pumzi.

"Mwache amwage, kaka."

Kandambili akaketi kwenye ngazi, taratibu, akilisugua goti.

"Mwaga tu, mwanangu. Mimi nimechoka."

"Unadhani natania?"

"Sidhani kitu. Ufunguo sikupi."

Mwizi akafungua kizibo, akamimina yote mpaka tone la mwisho. Akacheka. "Haya, kawatafute kwenye kinyesi."

"Asante," Kandambili alisema, akainuka na kumfunga pingu.

Dereva aliyemsubiri mwizi nje ya geti alipoona polisi walioitwa na mdogo wake, akatimua mbio, akanaswa barabarani.

Usiku huo ndugu hao wawili walikaa kando ya mita ya gesi. Kesho yake mchana Kandambili aliamshwa kitini kwa kutikiswa bega. Mshale wa mita ya gesi, uliokaa palepale tangu tangi lijengwe, ulikuwa umeanza kushuka.

"Wanakula," mdogo wake alisema, akalia bila kujificha. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti lake la kazi. "Kamati itauliza nani aliyetoa ruhusa."

"Waambie mwizi."

Kandambili akachukua koti lake, akatoka akichechemea kwenda kulala.