Msafiri Aliyepiga Chafya

Chiriku alifagia ua, akajaza ndoo, kisha akakaa mlangoni. Hakuvaa sare ya shule. Ndani, kaka yake alilala akiutazama ukuta. Mama alikuwa anafunga nguo za wateja awahi kibandani kwake kushona.

"Mtu akimuulizia kaka yako, unasemaje?" mama aliuliza.

"Kaka amesafiri. Yuko kwa shangazi."

Ukweli ni kwamba wiki iliyopita kaka alizidisha dawa za kulevya, akaanguka sokoni, nusura afe. Siku ya kutoka hospitalini, muuguzi alimwonya mama: "Asiachwe peke yake. Mwili umedhoofika. Akirudia kiasi kilekile, huenda asiamke." Lakini mama asiposhona, hawali. Basi Chiriku akawa mlinzi, na mitihani ilikuwa inakaribia.

Jirani yao, mpiga pasi, alipita na kapu la nguo.

"Chiriku, leo tena huendi shule? Umestaafu?"

"Naumwa, mama."

"Na kaka yako?"

"Amesafiri."

Mara ndani ikapigwa chafya ya kutikisa bati. Mpiga pasi akainua nyusi. "Safari yenyewe fupi kweli!"

Chiriku alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Akaeleza yote. Mpiga pasi alitua kapu chini.

"Mdogo wangu tulimficha hivihivi," alisema polepole. "Tukamficha mpaka tukamzika. Kaka yako amekula?"

Jioni Chiriku alipomweleza, mama alifoka. "Umetuanika mtaa mzima!" Kabla hajamaliza, hodi ikapigwa. Walikuwa mpiga pasi na kinyozi wa mtaani.

"Mmekuja kutucheka?" mama aliuliza.

"Za kucheka ni hizo nywele za kijana wako," kinyozi alijibu. "Shemeji, kuanzia kesho asubuhi nanyolea hapa uani kwako. Mchana huyu mwenzangu atapigia pasi hapahapa. Mtoto aende shule."

Kaka alichungulia mlangoni. "Mnanichunga kama mwizi?"

"Mwizi tungemfungia," mpiga pasi alisema. "Wewe tunakaa nawe."

Haikuwa rahisi. Siku nyingine kaka hakusema neno, kinyozi akazungumza mpira kwa niaba ya wote wawili. Asubuhi moja kaka alivaa viatu, akaelekea nje.

"Unakwenda wapi, mdogo wangu?" kinyozi aliuliza.

"Sijui. Nikikaa hapa nitapasuka."

Kinyozi aliweka mashine chini. "Basi twende wote. Tupitie kliniki."

"Na mimi je?" mteja alilalamika, nusu kichwa kimenyolewa, nusu msitu.

"Wewe subiri. Nywele hazikimbii."

Kaka alitabasamu, mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. Wakaenda. Kliniki ikampa dawa ya kutuliza hamu ya dawa za kulevya na mshauri wa kuzungumza naye, na tangu siku hiyo akawa anahudhuria bila kusukumwa.

Chiriku alipomaliza mitihani, alimkuta kaka uani akimkunjia mpiga pasi mashuka. Mama alimvuta binti yake kando.

"Nilidhani nalinda heshima yetu, kumbe nilikuwa nalinda aibu, na kaka yako anateketea. Huu ni ugonjwa, una tiba, na mgonjwa anahitaji watu. Siku nyingine ukiona mtu yuko hatarini, mwambie mtu mzima unayemwamini." Akaongeza: "Hata kama aliyekukataza ni mimi."