Kibati cha Gurudumu la Kushoto

Kila asubuhi ya likizo, kabla hajaonja chai, Naigaga alikuwa na kazi moja ya kudumu: kumwamsha Kifaru. Msidhani kwao walifuga wanyama wa porini. Kifaru lilikuwa jina la gari la baba yake, gari kubwa la zamani lenye viti vya watu wanane, lililomzidi Naigaga umri zaidi ya mara mbili. Liliegeshwa uani kwao, mtaa wa Kimaka mjini Jinja, na likiwaka majirani walijua kumekucha. Naigaga, mwenye miaka kumi na mitatu, aligeuza ufunguo, akasikiliza kama alivyofundishwa, kisha akatoa ripoti.

"Leo anakohoa kidogo, halafu anatulia."

"Baridi tu hiyo, afande," baba alimjibu kutoka barazani. "Mwache apate jua."

Baba yake, Magidu, alikuwa dereva jeshini miaka mingi. Alistaafu na vitu viwili alivyovipenda, Kiswahili chake na mikono inayojua spana. Gereji hakwenda. Alisema gari ni kama mtoto, na mtoto humpeleki kwa jirani kuogeshwa. Mama yake, Nandutu, alizoea kuwatania kwamba siku moja atawapelekea chakula chini ya gari, maana huko ndiko waliko siku zote.

Likizo ile Kifaru alikuwa na safari kubwa. Kukhu, yaani bibi yake Naigaga mzaa mama, aliishi peke yake Namatala, huko Mbale, na magoti yake yalikuwa yamegoma. Ilikubaliwa aje kuishi nao Jinja. Lakini kumsafirisha Kukhu halikuwa jambo la kuita teksi. Kwa mila za Wagisu, na za Wasoga vilevile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani, hawapeani mikono, wala hawakai kiti kimoja. Magidu asingeweza kumshika mkono kumpandisha garini, hata kama mzee huyo angeteleza. Naye Kukhu aliapa kwamba hatapanda kigari ambacho atapumuliana na mkwe wake.

"Nakuja na ile gari kubwa," alisema kwenye simu. "Nakaa nyuma kabisa. Kama hapana, nabaki hapa na kuku zangu."

Basi kwa wiki mbili baba na binti walimpamba Kifaru. Waling'oa kiti cha nyuma kilichochanika, wakafunga kingine laini walichokitoa kwenye basi dogo lililokufa. Walichomelea kipandio cha chuma chini ya mlango, maana Kifaru alikuwa mrefu. Kipimo cha kipandio alikitoa Naigaga mwenyewe. Alijaribu kupanda akiwa amekaza magoti bila kuyakunja, ili ajue Kukhu atapata shida wapi. Baba alimtazama akipanda na kuanguka, akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akashusha kipandio kwa upana wa vidole vinne.

Yalibaki magurudumu ya mbele, ambayo beringi zake zilihitaji kusafishwa na kupakwa grisi mpya. Hapo Magidu alikuwa na utaratibu wake. Kila nati na kila kibati kilichotoka garini kiliwekwa kwenye trei ya mayai, kila kimoja na shimo lake, kwa mpangilio kilivyotoka. Wakati wa kufunga, vilirudi kinyumenyume.

"Kilichotoka lazima kirudi," alisema kila mara. "Trei ikibaki na kitu, gari halitoki."

Alhamisi walimaliza gurudumu la kulia. Ijumaa walifungua la kushoto, na saa sita baba akaoga, akavaa kanzu.

"Mimi naenda kuswali," alisema. "Wewe zipake grisi hizo beringi. Usifunge kitu mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Alisikia kweli. Ila kazi ya grisi iliisha upesi, na mikono ya Naigaga ikaanza kumwasha. Jana alikuwa ameona kila hatua. Kwa nini baba asirudi akute kazi imekwisha? Aliinuka kuisogeza trei, na papo hapo jogoo wa jirani akakatiza miguuni pake. Trei ikapinduka. Naigaga akaokota vipande vyote, akavirudisha kwenye mashimo kama alivyokumbuka, akaanza kufunga.

Alifunga kwa bidii, huku amejing'ata ulimi. Aliingiza beringi, akakaza nati ya kwanza, akakaza ya pili kwa spana ndefu, akarudisha kifuniko na tairi. Kisha akatazama trei. Ndani yake kilibaki kipande kimoja, kibati chembamba cha duara chenye masikio pembeni.

Kukirudisha kulihitaji kufungua kila kitu upya. Na langoni bodaboda ilikuwa inazima injini, na sauti ya baba ikimuaga dereva. Mkono wa Naigaga ulifanya haraka kuliko akili yake. Ulikidaka kibati, ukakitumbukiza mfukoni.

Baba aliingia, akaona gurudumu limefungwa, akakunja uso.

"Si nilikwambia usifunge?"

Alilishika tairi juu na chini, akalitikisa kwa nguvu. Halikucheza. Akatazama trei, akaikuta tupu. Uso ukamkunjuka polepole.

"Nandutu," aliita, "njoo umwone fundi niliyemzaa. Hakunisikiliza, lakini kazi ameifanya." Akamwambia mama, akamwambia na jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta. Sifa zile zilimfunga Naigaga mdomo. Angesemaje sasa?

Jioni alikuja Meera, mwanafunzi mwenzake ambaye baba yake ana duka la vipuri mjini. Naigaga akamwonyesha kibati, akijifanya hana habari.

"Hiki huwa ni cha nini?"

Meera alikigeuza mkononi. "Kinakaa katikati ya nati mbili. Haya masikio yanakunjwa juu ya nati ili zisijifungue zenyewe gari likitembea. Baba huwaambia wateja, ukisahau kila kitu, hiki usisahau. Nyinyi mmeweka kipya?"

"Ndiyo," alisema Naigaga, na uongo ukawa umepata mdogo wake.

Jumamosi asubuhi walianza safari, baba na binti peke yao, huku mama akibaki kuandaa chumba cha Kukhu. Naigaga alikaa kiti cha mbele, mahali alipopaota wiki nzima, na hakupafurahia hata kidogo. Walipita Iganga, wakaingia barabara ya Tirinyi yenye mashamba ya mpunga pande zote. Baba aliimba nyimbo za jeshini. Naigaga alihesabu mashimo ya barabara, na kila tairi lilipogonga shimo aliminya kibati mfukoni. Alikuwa amejiambia atasema wakifika Iganga. Iganga ikapita. Alijiambia atasema kwenye daraja la mto Mpologoma. Daraja nalo likapita, na maneno yakazidi kuwa mazito.

"Usukani unavuta kushoto kidogo," baba alisema karibu na Kamonkoli. "Barabara hii nayo."

Naigaga alikiminya kibati kwa nguvu zaidi.

Namatala walimkuta Kukhu amekaa mlangoni tangu alfajiri, kavaa gomesi, gauni lake refu la sikukuu, ameshawagawia majirani sufuria na kuku wote. Magidu alipiga goti kwa mbali, akamwamkia akiwa ametazama pembeni kama mila inavyotaka, kisha akarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa Joash, jirani mwenye kibanda cha chai. Kukhu alimwegemea Naigaga begani. Aliweka mguu mmoja kwenye kipandio, kisha wa pili, akasimama pale juu ameshangaa.

"Nani alipima hii kitu?"

"Mimi, Kukhu."

"Inajua magoti yangu." Akaingia, akakaa kwenye kiti laini, akaminyaminya mto wake. "Naigaga, mwambie baba yako mimi nakaa vizuri."

Baba alikuwa hatua kumi tu na alisikia kila neno, lakini mila ni mila. "Baba, Kukhu anasema amekaa vizuri."

"Mwambie Kukhu nashukuru."

"Mwambie pia," Kukhu aliendelea, "mimi naogopa magari. Tangu zamani naogopa. Lakini hii mmetengeneza nyinyi na mikono yenu, basi leo siogopi."

Maneno hayo Naigaga hakuyapeleka. Alimtazama Kukhu, mzee wa umbo dogo mwenye mkoba mapajani, aliyetulia kabisa. Baba alipanda mbele, akashika ufunguo.

"Baba, usiwashe," Naigaga alisema. "Nakuomba usiwashe."

Akatoa kibati mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha baba. Magidu alikitambua mara moja. Alishuka, akapiga jeki upande wa kushoto, akalishika tairi juu na chini. Safari hii lilicheza, mbele na nyuma, likigonga ndani. Alipotoa tairi na kifuniko, nati ile iliyokazwa jana kwa spana ndefu ilizunguka kwa vidole viwili tu. Magidu alikaa chini kwenye vumbi.

"Kamonkoli tungefika," alisema kwa sauti ndogo. "Iganga, sijui."

Naigaga alilia wazi, mbele ya Joash na watoto wote wa mtaa. Alisema yote, jogoo, trei, mfuko, na uongo aliomwambia Meera. Alingoja kofi, na aliona amelistahili.

"Kuvunja amri yangu ni kosa," baba alisema. "Kuficha ni kosa kubwa zaidi, na nyumbani tutalizungumza na mama yako. Lakini na mimi ninalo langu. Niliona trei tupu nikafurahi. Ningekunja kanzu na kufungua kile kifuniko, ningeona. Nilitaka tu kazi iwe imekwisha." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi, akampa spana. "Haya, fungua. Wewe mwenyewe, taratibu. Mimi nitakaa hapa, nitatazama kila kitu."

Joash akaleta chai na sahani ya malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa. Naigaga alifungua, akapangusa, akaingiza nati ya kwanza, kisha kibati, kisha nati ya pili. Baba alichungulia kila hatua. Naigaga alipokunja masikio ya kibati kwa nyundo ndogo, sikio moja juu ya nati ya ndani na moja juu ya ile ya nje, baba alipitisha kidole juu yake mara mbili. Kisha akamwambia afunge.

Muda wote huo Kukhu alikuwa dirishani, hajakubali kushuka. Sasa akaita.

"Naigaga, mwambie baba yako asikuchape."

Naigaga alijifuta kamasi. "Baba, Kukhu anasema usinichape."

"Mwambie Kukhu sikuwa na mpango huo."

"Mwambie hivi," Kukhu alisema. "Huyu mtoto jana aliharibu. Leo amesema mbele ya watu, na aibu ni yake. Mimi nimezika watu wazima ambao aibu yao ilibaki mfukoni. Mwambie yeye ni mtoto mzuri."

Naigaga aliinamisha kichwa. Mtu anajisemeaje maneno kama hayo?

"Sema," Kukhu alihimiza. "Mimi siwezi kuongea na mkwe."

"Baba," alisema, "Kukhu anasema jana niliharibu, na leo nimesema. Anasema... mimi ni mtoto mzuri."

"Mwambie Kukhu nalijua hilo." Magidu alimsimamisha binti yake, akamshika mabega. "Sikia, mwanangu. Hakuna fundi ambaye hajawahi kufunga vibaya, hata mimi. Ukikosea, sema mapema, wakati spana bado inasaidia. Ukingoja, siku moja utakuwa na la kusema na hakuna wa kuambiwa. Leo umesema kwa wakati, na sote tunarudi nyumbani."

Alilitikisa tairi mara ya mwisho, halikucheza. Naigaga alielekea kiti cha mbele, lakini Kukhu aligonga kioo.

"Wewe njoo huku nyuma."

"Nimejaa grisi, Kukhu. Nitakuchafua."

"Njoo."

Alipanda, akakaa pembeni kabisa ili asiiguse gomesi. Kukhu akamvuta karibu, akauchukua mkono wake mweusi wa grisi, akaulaza juu ya kitambaa safi cha sikukuu. Hakuuachia mpaka Jinja.