Wifi Aliukata Mwezi, Mume Wangu Akaukana

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Naandika haya nikiwa kwa wazazi wangu Isongole, na sitaficha, bado nina hasira.

Niliolewa Kyimo. Kosa langu lilikuwa kupenda kupiga picha mwezi. Mnaoishi huku mnajua, kwa mvua na ukungu wa Rungwe, mwezi ni wa kuvizia. Ukijitokeza dakika tano tu, naacha ugali jikoni... Nilijifundisha kupunguza mwanga kwenye simu mpaka ile taa nyeupe igeuke mwezi wenye makovu yake. Siku nikiupata, uchovu wote wa shamba unaisha. Hiyo nayo ni dhambi?

Jioni moja ukatoka mkubwa, umekaa juu kabisa ya migomba. Safari hii sikuuvuta karibu, nilitaka na migomba ionekane. Nikamtumia mume wangu aliyekuwa mjini Tukuyu, nikamtumia na wifi yangu. Mume akajibu, "Huu umetoka vizuri, Mama Neema."

Sikuangalia chini ya picha! Kule bondeni, kwenye bafu lisilo na paa, baba mkwe alikuwa anaoga. Mgongo wote nje.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe. Mkikaribia kukutana njiani unaingia migombani mpaka apite. Sasa mimi nimempiga picha akiwa mtupu...

Wifi aliona kabla yangu. Angeniambia, ningeifuta yakaisha. Lakini mwanamke yule, niliyemlelea mtoto wake akiwa mgonjwa, aliukata mwezi wote akabakiza mgongo wa baba yake. Akairusha kwenye kundi la ukoo, akaandika kwamba hicho ndicho ninachovizia kila jioni.

Kwa woga nikaifuta picha yangu. Upumbavu gani ule? Wazee wa ukoo walipoketi sikuwa na ushahidi. Baba mkwe hakuja kwa aibu, na mila hainiruhusu kwenda kumweleza. Nikawaambia wazee kwamba mume wangu anayo picha nzima, yenye mwezi.

Wakamgeukia. Akaitazama simu yake, kisha akamtazama dada yake, akairudisha mfukoni.

"Mimi sijaona mwezi wowote," akasema.

Miaka kumi na moja ya ndoa! Eti aseme dada yake ni mwongo mbele ya ukoo? Akaona heri niondoke mimi. Wanangu wamebaki Kyimo.

Dada zangu, kagueni kila kona ya picha kabla hamjaituma. Msifute kitu kinachoweza kuwatetea, hata kama kinawatia aibu. Na wewe mume mwenye picha nzima mfukoni, itoe leo. Mkeo akishaondoka, watoto ndio watakuuliza mama yao alifanya nini, na utatakiwa kuwajibu.