Jiko Alilolivunja Mwenyekiti

Haya wenzangu, wekeni chini mlivyoshika mnisikilize. Jambo hili limetukuta wenyewe hapa kisiwani Rote, na sitaki mtu mwingine aje kuwasimulia kwa kulipamba.

Ilikuwa asubuhi ya msimu wa kugema. Jirani yangu Melkianus, ng'ambo ya ukuta wa mawe, alikuwa juu ya mti wa mvumo akiimba nyimbo za kanisani kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kata za majani za kukingia utomvu zikining'inia kiunoni. Chini, mkewe Yublina alikuwa mbele ya jiko lake la udongo, vyungu vinne vikichemka kwa pamoja, harufu ya asali ya tembo, tembo tamu la mvumo lililopikwa likawa zito, imefika mpaka kwangu. Nguruwe wao walikuwa wamelala kivulini. Nilisema moyoni, kwa jirani leo ni kwema.

Lile jiko, jamani! Zamani sote tulipikia kwenye mashimo, kuni zinakwisha na macho yanavimba. Yublina akachukua udongo wa kichuguu, majivu na nyuzi za mvumo, akawa anajenga na kubomoa, anajenga na kubomoa, nasi tunamcheka, mpaka akapata mtaro unaopanda kidogo, moto unapita chini ya vyungu vyote kisha moshi unatokea nyuma. Nalo linawaka kwa makuti makavu tu! Akaanza kuwajengea watu wa vijiji vingine, huyu anamlipa kitoto cha nguruwe, yule mtama. Wala msidhani alikuwa mnyenyekevu. "Nani ana jiko kama langu?" alikuwa akipiga kelele sokoni. "Ajitokeze nimwone!"

Basi ukaja mradi. Bi Ratna aliuleta kutoka mjini, mwanamke mpole, mcheshi, na lori la majiko ya chuma yanayong'aa. Alimsifu Melkianus kwa kugema, akamsifu kwa kuimba, akamvika kofia ya mradi na kumfanya mwenyekiti wetu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alilimwaga lote.

Sharti lilikuwa moja: anayepokea jiko la chuma avunje la zamani, apigwe picha.

"Bi Ratna, la kwangu si la zamani," Yublina alisema. "Nimelijenga juzijuzi tu."

"Naelewa, mama. Lakini sharti ni la wafadhili, si langu."

"Basi waje wafadhili wenyewe walivunje."

Watu tukacheka. Melkianus hakucheka. "Mke wangu, usiniaibishe mbele ya wageni," akasema, akachukua nyundo, akalipiga jiko la mkewe huku anatabasamu kwenye picha. Nyumba nyingi zikamfuata mwenyekiti. Mimi nilimwambia Bi Ratna kwamba jiko langu na mimi tumeapa kuzeeka pamoja, akitaka atuvunje wote wawili. Akaniacha.

Sasa nanyi nyote ni watu wa mivumo, mnajua kosa liko wapi. Mvumo hauambiwi ungoje. Ua lake lazima likatwe asubuhi na jioni. Ukiliacha linakauka, na mti huo haukupi kitu tena mpaka mwakani. Na tembo tamu lisipopikwa siku ileile linachacha. Jiko la chuma linabeba chungu kimoja, tena linataka kuni za kupasuliwa. Kuni zipi, hapa kwetu? Melkianus akawa anashusha tembo la vyungu vinne, mkewe anapika kimoja. Nilimpa nafasi kwenye jiko langu, lakini nami nina mume mgemaji.

Lililobaki likachacha. Wakawanywesha nguruwe, nguruwe wakawa wanapepesuka uani na kugongana vichwa. Tukacheka mpaka tukaona na Melkianus mwenyewe anapepesuka. Hapo kicheko kikatukauka. Mgemaji mlevi hana urefu mwingine wa kuanguka ila ule wa mti wake.

Na mitungi ya asali ikabaki mitupu. Watu wa visiwa vingine hututania kwamba sisi hatuli, tunakunywa. Ni kweli! Mvua zikianza na shamba bado halijatoa kitu, asali na maji ndiyo staftahi, ndiyo chakula cha mchana, ndiyo uhai wa watoto. Yublina alikuwa na watoto watatu na mitungi isiyo na kitu.

"Nitalijenga upya," akamwambia mumewe.

"Hulijengi! Awamu ya pili ya mradi inaleta mapipa ya maji na pampu. Wakikuta udongo hapa tutakosa vyote. Subiri."

"Mtoto wako atakunywa awamu ya pili?"

Akabeba jembe, akaenda kichuguuni mchana kweupe. Melkianus akamkimbilia, akasimama mbele yake, nasi wanawake tuko nyuma na ndoo zetu, maana alikuwa ametupitia nyumba kwa nyumba.

"Ukiuchimba huo udongo, mimi si mwenyekiti tena!"

"Afadhali," Yublina akamjibu. "Uwe mume wangu tu, inatosha."

Wacha tumpigie vigelegele! Melkianus akaondoka amenuna. Sisi tukakanda udongo mpaka jioni, na kesho yake tukahamia nyumba iliyofuata.

Awamu ya pili ikafika kweli, lakini bado bila mapipa: ni Bi Ratna tu na wageni wenye kamera. Wakakuta vyungu vinachemka juu ya udongo, na ndani ya jiko la chuma la Yublina kuku analalia mayai.

"Mama, mtoe kuku huyo tupige picha," Bi Ratna akaomba.

"Simtoi. Bado hajaangua."

Bi Ratna akamgeukia Melkianus. "Mwenyekiti, hili jiko la udongo ni la nani?"

Melkianus aliangalia mitungi kwanza, kisha akaangalia watoto. Niliogopa, nasema kweli. Akavua kofia ya mradi, akamkabidhi Bi Ratna mkononi.

"La mke wangu. Mlinipiga picha nikilivunja. Nipigeni nyingine." Akapiga magoti mbele ya wote, akaanza kutia makuti motoni.

Majiko ya chuma yalibebwa kurudi mjini, na mapipa hatukuyaona. Kuku alihamishwa huku akitoa matusi yake yote. Nusu ya msimu ilikuwa imeshapotea, na mvua zile Yublina aliwagawia watoto asali kwa kijiko, akauza na nguruwe. Njaa waliiona. Lakini hawakuzikana.

MAFUNZO

Msitoke hapa mkasema nimewafundisha kufukuza wageni. Mgeni ni mgeni, mkaribisheni, mpeni tembo tamu. Akileta kitu, kipokeeni, kiwekeni kando ya chenu, mpike kwa vyote viwili muone. Lakini siku atakayokwambia uvunje kwanza ulichojenga kwa akili yako ndipo akusaidie, mwulize: na nikishavunja, watoto wangu watakula nini leo? Asipokuwa na jibu, nyundo irudishe mahali pake. Na wewe baba unayevishwa kofia, kumbuka kwamba aliyekuvika anakwenda kulala mjini. Wewe unalala hapa, pamoja na aliyekupikia.